Kahawa ya Mlangoni

"Koku, nakuja. Jumamosi mchana. Usipike sana." Ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu nikiwa naepua maharage, nikadhani ni wale matapeli wetu wa kila siku. Nikausoma tena. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeniambia nisipike sana kisha akamaliza sahani mbili na kuulizia ya tatu, naye ni Daktari Mirta, Mkuba, mtu wa kisiwa cha Kuba, aliyekaa nasi hapa Nyaishozi mwaka mmoja mzima, enzi hizo mimi ni msichana wa miaka ishirini, maneno mengi na subira hakuna. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Wateja waliokuwa sebuleni wakingoja chakula wakadhani nimejimwagia maji ya moto. Mwalimu mmoja akaja mbio na jagi. Nikamwambia, "Mwalimu, rudi ukae, siungui, nafurahi tu." Akarudi akawaambia wenzake kwamba mama ntilie leo kapagawa, nami sikubisha.

Tangu siku hiyo mikono yangu inafanya kazi na akili haipo. Nimefua vitambaa vya viti, nimepangusa vioo ambavyo havikuwa na vumbi, nimemkaripia muuza nyanya bila kosa lolote. Shangazi Yustina, ambaye sasa ni mkongwe na majina ya watu yamemtoka kichwani moja baada ya jingine, anakaa kwenye kiti chake cha dirishani ananitazama. "Anakuja nani? Askofu?" ananiuliza. "Anakuja Mirta, Shangazi." Anatikisa kichwa kwa adabu, kama anayesikia habari za ukoo usiomhusu. Mara ya kwanza aliponijibu hivyo nilitoka nje nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kumenya ndizi. Maana bila yeye na yule Mkuba, leo ningekuwa Bukoba nyuma ya kaunta ya duka la madaftari, nauza kalamu na gundi, na sebule hii ingekuwa imefungwa kwa ufunguo.

Na ilikuwa imefungwa kweli. Jamani, sebule ile! Ilikuwa pana kuliko darasa, sakafu imetandazwa nyasi laini zinazonukia, viti vimevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, ukutani Moyo Mtakatifu, juu ya kabati saa kubwa iliyokufa zamani. Ilifunguliwa Paroko akija, au msiba ukitokea, au wakija watu wa kuposa. Siku nyingine zote ilikaa gizani, sisi tunabanana jikoni kwenye moshi. Na nje ya mlango wake palikuwa barabara. Hapo hapo! Walikuwa wanapita madereva wa malori, wanunuzi wa kahawa, karani wa kata, walimu, watu waliotoka Bukoba na Muleba wakashinda na njaa kwa sababu kituo kizima cha Nyaishozi kilikuwa na chai na chapati ngumu tu. Mimi nilikuwa najua kupika. Sijisifu, au tuseme najisifu, lakini ni kweli. Kila nilipowaona wale watu wanatafuna chapati zile kwa huzuni, moyo ulikuwa unaniuma. Nilitaka ile sebule iwe mgahawa. Nilitaka jambo hilo kuliko mume, kuliko viatu, kuliko chochote, na muda wangu ulikuwa unakwisha, kwa sababu ilikwishaamuliwa kwamba baada ya Krismasi nakwenda Bukoba kusaidia kwenye duka la binamu.

Mirta alikuja mwanzoni mwa mwaka huo kufanya kazi kituo cha afya. Nyumba ya daktari ilikuwa na kuta lakini haina paa, kwa hiyo wakubwa wakamwomba Shangazi ampe chumba, naye akakubali kwa fahari kubwa, akafungua sebule. Nakumbuka alivyoingia: mwanamke wa makamo, mfupi, mnene kidogo, nywele amezikata kama mvulana, anacheka kabla hajajua kinachochekesha. Shangazi akapiga magoti kidogo kwa heshima, akamletea kikapu kidogo kilichofumwa vizuri, ndani yake amwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa mbichi na majani yenye harufu kisha ikakaushwa. Kwetu hiyo ndiyo karibu. Ukishapewa kahawa mlangoni wewe ni mgeni wa nyumba, hakuna anayeweza kukugusa wala kukudai kitu. Mirta akazichukua punje, akazinusa, macho yakamng'aa. "Kahawa!" akasema. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Dada, maji ya moto yako wapi?" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Shangazi alinikata jicho, kisha akamshika mgeni mkono, akatia punje moja mdomoni mwake mwenyewe, akatafuna polepole ili aone. Mirta akaiga. Uso ukamkunjamana. Lakini alitafuna mpaka mwisho, na tangu hapo Shangazi akampenda.

Jioni za mwaka ule ndizo zilizonisomesha, na si kidato cha nne, ambacho matokeo yake naomba tusiyataje. Kwa kuwa kulikuwa na mgeni ndani, sebule ilibaki wazi, na kwa kuwa ilikuwa wazi, watu walikuja kuamkia. Wawili walikuja mpaka wakawa kama samani. Bwana Projestus alikuwa mzaliwa wa Muleba, mstaafu wa ushirika wa kahawa, suruali yenye mkunjo, miwani, na maoni juu ya kila jambo. Mzee Kamugisha alikuwa mfugaji, ng'ombe wake walikuwa malishoni huko Songambele, akija kuuza samli alipitia kwetu, anakaa na fimbo yake kati ya magoti. Hao wawili hawakuwahi kukubaliana hata juu ya mvua. Mimi nilipita pita na chai, sahani ya karanga, maji ya kunawa, nikichelewesha kila kitu makusudi ili nisikie.

Walimhoji yule mama wa watu habari za Kuba hadi mimi nikamwonea huruma. Bwana Projestus aliipenda Kuba kabla hajaiona. "Elimu bure, tiba bure," alikuwa anasema, akihesabu kwa vidole kana kwamba yeye ndiye aliyewapa. Mirta alikubali. "Ni kweli, Bwana Projestus. Mama yangu ni fundi cherehani. Mimi nimesoma udaktari, yeye hakulipa kitu. Hilo sitalisahau mpaka nife." Kisha anakunywa chai kidogo, anaongeza, "Lakini nchi yetu ni miwa, miwa, miwa, na sukari tunapewa kwa mgao. Unapanga foleni na kitabu chako." Bwana Projestus akasema nasi tulipanga foleni ya sukari na sabuni enzi zetu na hatukufa. "Wewe hukufa," Mzee Kamugisha akamjibu, "kwa sababu ulikuwa ndani ya duka la ushirika. Sisi wa nje ya foleni tuulize." Hapo Shangazi alicheka mpaka akafuta macho na ncha ya kitenge.

Jioni iliyotia fora ni ile ya ng'ombe. Mzee Kamugisha aliuliza, kwa upole wa mfugaji anayeuliza habari za watoto, "Na ng'ombe je, huko kwenu wako?" Mirta akasema wako, lakini mtu akichinja ng'ombe wake mwenyewe bila ruhusa ya serikali anafungwa. Mzee Kamugisha hakuelewa. "Ng'ombe wa mwenzake, unataka kusema." "Hapana, Baba. Wake mwenyewe." "Aliyemzalisha mwenyewe?" "Ndiyo." "Anayemjua kwa jina?" "Ndiyo, Baba." Mzee akasimama, akavua kofia yake, akaivaa tena, akatoka nje, tukamsikia anazunguka uani anaongea peke yake kwa Kinyambo, lugha yake. Aliporudi alisema, "Daktari, pole sana. Sikujua mmefiwa." Na alisema kweli, hakuwa anatania. Lakini Shangazi yeye alishtuka zaidi kwa jambo jingine, kwamba kahawa ya mgao kule inasagwa pamoja na njegere zilizokaangwa ili iwe nyingi. Alirudia neno hilo kwa wiki nzima. Unamkuta anachambua mchele, anasimama ghafla: "Njegere! Waitu, njegere kwenye kahawa!"

Habari kubwa ilikuja Jumapili moja baada ya misa. Jumapili ndiyo siku mama yake Mirta, Bibi Caridad, alikuwa anapiga simu kutoka kwa jirani, na mtandao ulikuwa unashika sehemu moja tu, nyuma ya nyumba, pembeni ya mkeka wa kuanikia kahawa. Mirta alisimama pale kama mlingoti, mkono mmoja sikioni, mara akaanza kuruka ruka. Alirudi ndani mbio. Serikali yao, akatuambia, imeandika mipango ya kubadilisha uchumi, na mipango hiyo inajadiliwa na wananchi mitaani, viwandani, shuleni. Watu wanaruhusiwa sasa kujifanyia kazi zao: kunyoa, kutengeneza simu, kukodisha chumba, na kupika chakula sebuleni kwao na kukiuza. Mama yake kwa miaka alikuwa anauza sahani za wali na maharage dirishani kwa siri, jirani anachungulia kona kama mkaguzi anakuja. Kwenye mkutano wa mtaa Bibi Caridad alisimama mbele ya watu wote akasema: "Mimi nimechoka kuwapa watu chakula kama ninayeuza bangi. Nataka wakae kwenye viti." Na sasa ameomba leseni.

"Kwa hiyo Kuba imekuwa ya vyama vingi?" Bwana Projestus akauliza. Mirta akasema hapana, chama ni kilekile kimoja, hilo halikuguswa, na mikutanoni wengine walisema kwa sauti na wengine walisema wakitazama chini. "Sasa ni mabadiliko gani hayo?" "Sisi tunavyo vyama vingi," Mzee Kamugisha akadakia. "Vilikuja kunikamulia ng'ombe?" Wakaanza kuvutana tena. Mimi sikuwasikia. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na birika mkononi, nikivitazama vile viti vyeupe. Chakula sebuleni. Watu kwenye viti. Upande wa pili wa dunia kuna mwanamke anataka ninachokitaka, na serikali nzima imekaa vikao kumfikiria.

Nilimwambia Shangazi usiku uleule, tukichambua maharage. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Koku. Mtu anaingia nyumbani kwangu, anakaa chini ya Moyo Mtakatifu, anakula chakula changu, halafu namnyooshea mkono anipe hela?" Nikamweleza madereva wanavyoteseka. "Basi waite wale bure." Nikamweleza kwamba bure tutafilisika. "Basi wale kwao." Nikamtaja Bibi Caridad. Hapo akainua uso. "Yule serikali yake imemruhusu. Katika nyumba hii serikali ni mimi." Nililala nimekasirika, na hasira zangu enzi hizo zilikuwa na miguu: asubuhi nilifagia uani kwa nguvu hadi kuku wakahamia kwa jirani.

Mirta aliposikia maneno hayo hakunipa pole. Alicheka. "Kama yeye ni serikali," akasema, "basi fanya mkutano wa mtaa." Na tukafanya! Jumapili iliyofuata, chini ya uenyekiti wa Bwana Projestus, ambaye alikuja na tai, sebule ya Shangazi ilijadili sera ya sebule ya Shangazi. Bwana Projestus aliyetetea serikali kushika kila kitu ndiye aliyesema tuwe waangalifu, tuanze na masharti. Mzee Kamugisha akasema yeye hajui siasa, ila jambo moja analijua, kwamba tumbo lake huwa linalia kuanzia Songambele hadi hapa. Mirta alieleza kwamba hata kwao sheria imehesabu hadi viti ambavyo mtu anaruhusiwa kuweka. Mimi nilisimama mwisho. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanipotea yote, nikasema tu, "Shangazi, sitaki kuuza kalamu. Nataka kupika hapa kwako, nikuone kila siku." Shangazi alikuwa anatazama nyasi za sakafuni. Kisha akasema kwa sauti ya mahakamani kwamba ruhusa imetolewa, kwa masharti. Kiti cha Paroko hakikaliwi. Pombe hapana. Na yeyote atakayevuka mlango huu, awe dereva, awe nani, apewe kahawa kwanza, kama mtu aliyekuja kwa watu. Nilimrukia nikamkumbatia, akanisukuma, "Toka, unanivunja mbavu."

Nilifungua siku ya mnada. Nilipika ndizi na maharage, nyama ya mchuzi, mchicha wa karanga, maziwa ya mgando. Shangazi mwenyewe alisimama mlangoni na kikapu chake, amevaa gomesi, lile vazi lake refu la Pasaka, kila aingiaye anampa punje mkononi. Walijaa! Walijaa mpaka wengine wakakaa kizingitini. Walikula, wakasifu, mnunuzi mmoja wa kahawa akaomba mchuzi mara tatu. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakasimama, wakanishukuru kwa mikono miwili, wakamuaga Shangazi, "Mungu akuzidishie, Mama," wakaenda zao. Hakuna aliyelipa. Hata mmoja! Mimi nimesimama pale na kibakuli cha hela, kitupu, natabasamu kama mjinga. Nilimkimbilia karani wa kata hadi barabarani, nikamnong'oneza, naye mtu wa watu akawa mwekundu, kama mweusi anaweza kuwa mwekundu. "Lakini dada, si tumepewa kahawa?" Alikuwa na haki. Mtu aliyepewa kahawa mlangoni akilipa chakula ni kama amemtukana mwenye nyumba mbele ya watu. Nilikuwa nimewaita wateja na Shangazi amewageuza wageni pale pale kizingitini, na wala hakuwa na hila yoyote. Jioni wakaanza kuja na heshima zao, kama wageni wenye malezi: mkungu wa ndizi, kuku, Mzee Kamugisha na kibuyu cha maziwa. Jikoni palijaa, na kibakuli hakikuwa na hata sarafu ya kununulia chumvi.

Mirta alipotoka kazini nikamsimulia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Kesho yake ikawa vilevile. Na kesho kutwa vilevile. Nikipendekeza tuache kahawa, Shangazi anasema basi na mlango tuufunge. Nyama nikashindwa kununua. Binamu wa Bukoba akatuma ujumbe kwamba nianze kufungasha. Nililia kwenye moshi wa jikoni ili wasijue ni machozi, na Shangazi, nilimwona, akapita mlangoni akanitazama, akaondoka.

Jumapili ikafika, simu ya Kuba ikaja. Tulikuwa wote sebuleni Mirta aliporudi kutoka kwenye mkeka wa kahawa, akakaa, akasimulia polepole, kwa sababu Kiswahili kilimwishia akiwa na hisia. Mama yake amefungua. Ametandika meza, amepika, amevaa gauni zuri, na siku nzima hakuingia mtu. Watu walipita upande wa pili wa barabara, wanaogopa. Miaka yote jambo hilo lilikuwa kosa, nani ajue kama si mtego? Chakula kikapoa. Jioni mlango ukagongwa, akaingia mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwanamke yuleyule aliyekuwa anamtisha kwamba atamshtaki kwa kuuza dirishani. Bibi Caridad akadhani kumekucha. Yule mwanamke akavuta kiti, akakaa pale panapoonekana kutoka barabarani, akala wali na maharage, akalipa hela mezani mkono ukiwa juu ili kila mtu aone, akaenda. Dakika chache baadaye meza zikajaa. "Serikali ilikuja kula," Mirta akasema, huku analia na kucheka. Bwana Projestus akavua miwani akaipangusa. Shangazi alikuwa anafuma kitambaa. Sindano zilisimama kidogo, kisha zikaendelea.

Jumatatu mchana sebule ilikuwa imejaa wageni wangu wa bure. Nikashangaa, mlangoni hakuna mtu na kikapu kipo juu ya saa. Nikaenda jikoni kumwita Shangazi, hayupo. Mlango wa nyuma uko wazi. Nikatoka, namwona anazunguka nyumba, anapita kwenye migomba, amevaa lile gomesi la Pasaka, mkoba mkononi, kama anayekwenda safari. Akatokea mbele, barabarani, akaja mpaka kizingitini kwake mwenyewe. "Hodi humu ndani," akasema. Watu wote wakageuka na matonge mkononi. "Hodi!" akarudia kwa ukali, "Kwani hamkaribishi wateja?" Nikasema karibu. Nikachukua kikapu nimpe kahawa, akanirudisha mkono. "Hiyo baadaye. Kwanza chakula." Akaenda kukaa dirishani, pale panapoonekana na dunia nzima. Nikamletea ndizi na maharage. Akala zote, bila haraka, akasema chumvi imezidi kidogo. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti, akainua mkono juu mpaka nikaona kikwapa cha gomesi kimeshonwa upya, akaiweka kwenye kibakuli. Ndipo akageuza kiganja. "Sasa nipe kahawa yangu, niende kwa amani kama mtu aliyetoka kwa watu." Nikampa punje. Akatia mdomoni, akatazama sebule nzima, mmoja mmoja, kama mwalimu mkuu. Karani wa kata ndiye aliyekuwa wa kwanza kujipapasa mfukoni. Nyuma yake wote, viti vinakwaruza, kila mmoja anaweka hela yake kwanza kisha ananyoosha kiganja. Mzee Kamugisha aliweka hela, akapokea kahawa, akasema, "Ma Yustina, hata mimi ng'ombe wangu nikitaka kumchinja nitazunguka hivyo hivyo?" Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Bukoba sikwenda.

Basi tangu siku hiyo hadi leo, kwetu kahawa hutolewa mtu akiondoka, baada ya kulipa. Wengine barabarani wanatuita "kwa kahawa ya mwisho". Mwaka ule ulipoisha Mirta akarudi kwao, na Shangazi akamfungia mfuko wa kahawa aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe. "Mpe mama yako," akamwambia. "Mwambie haina njegere." Tuliandikiana, tukapoteana, tukapatana tena simu zilipokuwa za kisasa. Sitawadanganya kwamba kule mambo yalikwenda kama wimbo. Mkubwa mmoja wa serikali anafungua dirisha, mwingine anafunga. Umeme ukawa unakatika, vyakula vikapotea, vijana wengi wakaondoka, wakiwemo wapwa zake Mirta. Bibi Caridad alifunga, akafungua, akafunga tena, akafungua kwa siku chache za wiki. Nilipomuuliza Mirta kama yale mabadiliko yalikuwa na maana, aliniandikia hivi: "Mama yangu alikufa akiwa mwenye mgahawa, Koku. Hakufa akiuza dirishani." Sina la kuongeza hapo, na mimi ni mtu wa kuongeza.

Leo ndiyo hiyo Jumamosi. Nilipika sana. Mchana gari likasimama, akashuka bibi mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana, anacheka kabla hajajua kinachochekesha. Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Tulishikana pale barabarani tukazungushana hadi dereva wa lori akapiga honi. Bwana Projestus na Mzee Kamugisha wametangulia mbele za haki, nikamwambia, akaweka mkono kifuani. Kisha akajitengeneza nguo, akachukua pochi yake, akatoa hela ameishika tayari kwa mkono wa kulia, ishara yetu ya zamani, kwamba anaujua utaratibu wa nyumba: chakula, malipo, ndipo kahawa. "Hodi," akasema. "Mteja amekuja."

Kiti cha dirishani kikakwaruza. Shangazi akanyanyuka, jambo ambalo siku hizi halifanyi bila kushikwa, akachukua kikapu juu ya ile saa iliyokufa, akaja polepole hadi mlangoni. Alimtazama mgeni usoni kwa muda mrefu, nami nikaomba jina la Mirta litokee. Halikutokea. Akauchukua ule mkono wa Mirta wenye hela, akaukunja vidole, akausukuma urudi kwenye pochi. Akafungua kile kiganja kingine, akamwekea kahawa. Hapo hapo mlangoni, kabla ya chakula. Mirta akatia punje mdomoni, akatafuna, machozi yanamtiririka, uso hata haukukunjamana. Shangazi akanigeukia.

"Jina lake limenitoka," akasema. "Lakini huyu halipi."